Binti Yenu Vanessa

Nusu ya ndoa za mtaa wetu wa Kasenga, mjini Uvira, zilianzia kwenye vidole viwili vya baba mdogo wangu Donatien. Nasema viwili kwa sababu hakuwahi kutumia zaidi. Kwa miaka thelathini na sita alikaa chini ya kibaraza cha bati karibu na ofisi ya mtaa, mashine yake ya chapa juu ya meza yenye mguu mmoja wa kuunga, akigonga herufi moja moja kama kuku anayedonoa mchele. Watu walimletea shida zao, yeye akazigeuza barua. Kulikuwa na maombi ya kazi, malalamiko ya mpaka wa shamba, matangazo ya msiba. Lakini kilichompa jina ni barua za kuomba mchumba.

Huku kwetu, kabla kijana hajaoa, familia yake huenda kujitambulisha kwa wakwe ikiwa na barua. Barua hiyo haitumwi tu ikaachwa mlangoni. Msemaji wa familia husimama mbele ya watu wote, akaisoma kwa sauti, kisha akaikabidhi upande wa binti ili waiweke. Namjua mjane mmoja anayeitunza ya kwake ndani ya Biblia mpaka leo.

Baba mdogo hakuwa anaandika hivi hivi. Kijana akifika, aliisukuma mashine pembeni na kumuuliza: "Huyu mutoto ya bantu, unamutakia nini?" Kijana akijibu kwamba huyo binti wa watu ni mzuri, alirudishwa nyumbani. "Bazuri ni bengi. Rudia kesho." Wengine walirudi mara tatu. Na chini ya kila barua aliweka karatasi ya kaboni, nakala akaihifadhi kwenye katoni yenye mwaka ubavuni. Mwaka ule mto Mulongwe ulipobeba nyumba za watu, aliokoa katoni kabla ya godoro, na mama mdogo hajamsamehe mpaka leo.

Halafu zikaja bureautique, vile vibanda vya kompyuta na imprimante za kuchapia. Vilianza viwili, vikawa vitano, sasa kati ya shule yetu na kanisa nimehesabu kumi na kimoja. Mimi si mshamba. Nafundisha darasa la nne, nina simu, natumia mashine hizo kama kila mtu. Kinachonikera ni jinsi watu walivyoacha kufanya hata yale waliyokuwa wakiyafanya kwa mkono na kwa kichwa. Mwaka jana nilihitaji karatasi ya kuthibitisha ninapokaa, mistari minne na muhuri. Karani wa ofisi ya mtaa aliniambia nisubiri siku tatu, kompyuta haina umeme.

"Na ile bic iko mukononi yako?" nikamuuliza.

Alinitazama kama nimemtukana mamaye. Nikasubiri siku tatu.

Kwa hiyo mtu mwenye hasira kama zangu angepaswa kuwa wa mwisho kuanguka kwenye shimo lile. Nikaanguka wa kwanza. Niseme wazi, kosa lilianzia kwangu.

Mdogo wangu Toussaint alimpenda Victoire, binti wa Sange, mji mdogo kaskazini mwa Uvira, muuguzi wa kituo cha afya cha huko. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu angekuwa baba mdogo Donatien, na hapo hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa barua. Toussaint anafanya kazi kwenye ofisi ya shirika moja la misaada. Kompyuta iko mapajani mwake asubuhi mpaka jioni, nadhani hata salamu za mama yetu angependa azipate kwa faili.

"Yaya Nicole," akaniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, "barua ya Papa mudogo iko na matobo. Herufi o inatoboa karatasi. Tutapata haya kule Sange."

Ilikuwa kweli. Herufi o ya mashine ile ilitoboa, ukiinua barua juani uliona vishimo kama chujio. Nami nikamsikiliza. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilichukua majina nikaenda kwa Laure, msichana wa bureautique iliyo mbele ya shule. Laure aliniuliza mambo matatu: jina la kijana, jina la binti, na tarehe. Dakika kumi akanipa karatasi yenye maua mekundu pembe zote nne, picha ya njiwa wawili juu, na maandishi yaliyonyooka. Nikasoma juu, nikasoma chini, nikatazama yale maua. Mimi, mwalimu, ninayesahihisha madaftari hamsini kwa siku! Katikati sikusoma.

Jumamosi asubuhi tulimkabidhi baba mdogo bahasha iliyofungwa. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaitia mfukoni mwa koti, asiulize kitu. Baadaye ndipo mama mdogo aliponiambia kwamba kwa wiki mbili alikuwa ameweka karatasi nzuri pembeni ya mashine, akimngoja Toussaint aje aulizwe.

Tulifika Sange saa nne. Walitupokea vizuri, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, vinywaji vikaja. Upande wa Victoire ulikuwa na shangazi yake, Mama Élisabeth, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Nilipoiona ile miwani nilifurahi, nikajua atayathamini maandishi yetu mazuri.

Baba mdogo akasimama, akafungua bahasha, akaanza kusoma. Ana sauti ya kusomea, nzito, isiyo na haraka. Alisoma salamu, akasoma nasaba yetu. Akafika katikati: "Tangu siku alipomjua binti yenu..." Akanyamaza. Haikuzidi pumzi moja, wengine walidhani ni kikohozi. Akaendelea: "...Victoire, kijana wetu anakula kwetu, ila hashibi mpaka apite kwenu."

Watu walicheka kwa furaha, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi pia nilicheka. Sentensi ilikuwa tamu, nikajisemea kwamba kompyuta nayo ina akili. Baba mdogo alimaliza, akaikunja barua mara nne, akairudisha mfukoni mwake.

Mama Élisabeth alikuwa amenyoosha mkono.

"Muzee, barua."

"Nitaileta, mama. Imekunjika. Nitaleta ingine ya safi."

"Kwetu barua inasomwa na midomo mbili," akasema kwa upole. "Weye umesoma. Sasa ni zamu yangu."

Angefanya nini? Alimpa. Mama Élisabeth akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti ya ubaoni. "Tangu siku alipomjua binti yenu Vanessa..."

Nilisikia mtu akiweka chupa chini. Victoire, aliyekuwa ameketi mlangoni na kitenge kipya, aliinama akatazama viatu vyake.

"Vanessa iko nani?" akauliza Mama Élisabeth.

Toussaint akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Mama, minye simujue. Nakuapia. Ni erreur ya ordinateur."

"Ordinateur njo inaoa?"

Toussaint, aliyeulizwa kama kompyuta ndiyo inayooa, akainama kuokota kiti. Kisha shangazi akamgeukia baba mdogo akamwita mwongo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Na weye, muzee mwenye mvi. Umeona hiyo jina, umeruka. Umetusomea bongo mbele ya bantu."

Baba mdogo Donatien, ambaye Kasenga nzima humwachia siri zake, alisimama pale kama mwanafunzi aliyekamatwa na kikaratasi. Angeweza kusema kwamba barua hakuiandika yeye. Angeweza kutunyooshea kidole mimi na Toussaint, na angekuwa amesema kweli. Alisema tu, "Nimekosa, mama."

Tulipewa wiki mbili. Mama Élisabeth alituambia bila ukali kwamba hawafukuzi mtu, ila binti yao hataolewa kwa barua ya mwanamke mwingine. Kama huyo Vanessa yupo, aje aseme mwenyewe yeye ni nani kwa Toussaint. Kama hayupo, tueleze jina lake limetoka wapi. Bila hivyo barua nyingine haitapokelewa. Barua yetu yenye maua walibaki nayo. Njiani kurudi, tulipofika Kiliba, Toussaint alisema tu kwamba Victoire hajibu ujumbe wake.

Jumatatu nilikuwa kwa Laure kabla hajafagia, nijue jina lile kalitoa wapi.

"Huyu Vanessa umemutosha wapi?"

Laure alifungua mashine. Nikaona orodha ndefu ya majina ya barua: barua ya ndoa, barua ya ndoa mpya, barua ya ndoa ya mwisho, barua ya ndoa ya mwisho kabisa. Alizifungua moja moja. Zote zilikuwa barua moja. Sentensi ile ile, mtu anayekula kwao na kushibia kwa wakwe, mara kwa binti yenu Eliane, mara kwa binti yenu mwingine. Nikajiuliza ni wakwe wangapi wa Uvira waliokwisha kupigia vigelegele sentensi hiyo.

"Minye nilikuta modèle tayari, mwalimu," akasema Laure, akigusa kijiti cha kubebea faili kilichochomekwa kwenye mashine. "Nilipewa na ule wa bureautique ya kule chini, mu clé yake. Naye alipewa. Ninabadirishaka tu majina. Ile ya katikati imenipita."

"Na mwenye aliandika ya kwanza?"

"Hakuna mwenye aliandika. Iko mu machine."

Hapo umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, na Laure akakunja mikono, maana bila umeme hana kazi nyingine duniani. Nilitoka nikiyarudia maneno yake. Hakuna mwenye aliandika! Kana kwamba maneno yanaota mle ndani kama ukungu kwenye mkate.

Toussaint naye hakutulia. Alimwambia Laure amtolee cheti cha kuthibitisha kwamba kosa ni la kompyuta, chenye muhuri. Akatolewa, chenye maua yale yale. Nilikichana mbele yake.

Siku sita zilipita hivyo. Siku ya saba nilipata moyo wa kwenda kwa baba mdogo kuomba msamaha. Nilimkuta chumbani amepanda kiti, akishusha katoni kutoka juu ya kabati. Sakafu ilikuwa imejaa makaratasi ya rangi ya samawati.

"Papa mudogo, nisamehe. Minye njo nilienda kule kwa Laure."

"Kamata hii," akasema, akanipa katoni. Ilikuwa ya 2006. "Nicole, ile siku unafikiri nilinyamaza juu ya jina?"

"Juu ya nini basi?"

"Juu ya maneno. Maneno ile ni yangu." Akashuka kitini polepole. "Hapana. Haiko yangu. Ni ya kijana moja fundi ya matofali, Rémy. Nilimurudisha mara mbili. Mara ya tatu akaniambia: papa, kwetu ninakula, lakini sishibi. Nikamwambia, sasa kaa, tuandike."

Tulitafuta mpaka mchana. Nakala ilikuwa ya mwezi wa nane, imefifia, vishimo vya herufi o vikiwa palepale. Rémy wa Kasenga anamwomba Vanessa wa Nyamianda. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira na kwa furaha, sijui kipi kilikuwa kingi. Mashine zote kumi na moja hazikujua Vanessa ni nani. Katoni ilijua.

Vanessa tulimpata Nyamianda, mtaa mwingine wa mji wetu, mama wa watoto watano, anauza unga mbele ya nyumba yake. Alikumbuka vizuri. Miaka kama kumi iliyopita shemeji yake aliazima barua ile ili apate mfano wa kuiga, akaipeleka bureautique, ikarudi ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Nilipomweleza kwamba tangu hapo inasomwa mji mzima, sikutegemea uso alionionyesha.

"Mume wangu aliniambiaka vile mara moja tu," akasema. "Minye nilifikiri ni yangu peke yangu." Akapangusa unga mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza Sange tunaenda lini.

Alikuja yeye na Rémy. Walisimama mbele ya Mama Élisabeth na nakala ya samawati, na barua halisi yenye alama ya chai. Rémy alisema yeye ndiye asiyeshiba, na kitambi chake kikamtolea ushahidi. Hata Victoire alicheka. Mama Élisabeth alilinganisha karatasi tatu kwa makini ya mtu aliyezoea kukamata wanafunzi wanaonakiliana, kisha akaitoa ile yenye maua na kutukabidhi.

"Nimesikia," akasema. "Sasa muniletee barua ya Victoire. Ya Victoire peke yake. Na muzee huyu njo asome."

Jioni ile ile Toussaint alipelekwa chini ya kibaraza. Baba mdogo akaisukuma mashine pembeni.

"Huyu mutoto ya bantu, unamutakia nini?"

Toussaint alisema Victoire ni mwerevu. Ana roho nzuri. Anamcha Mungu. Baba mdogo alimtazama tu. Nilimwona mdogo wangu akitafuta simu mfukoni, kwa mazoea, kisha akaiacha. Mwishowe akasema, akitazama chini: "Siku mto Runingu ilijaa ikakata barabara, nilimupigia kama siwezi kufika. Hakunijibu. Akatoka Sange kwa miguu, viatu mukononi, akafika pale mtoni. Tukaonana yeye ng'ambo ile, minye ng'ambo hii. Hatukusikiana juu ya maji. Akanionyesha viatu tu, ili nijue alitembea."

"Kaa," akasema baba mdogo. "Tuandike."

Lakini utepe wa mashine ulikuwa umekauka, na Uvira nzima hakuna auzaye utepe tena. Aligonga mstari wa kwanza, karatasi ikabaki nyeupe. Nilidhani tumekwisha. Yeye hakushtuka. Aliweka kaboni yake ya mwisho kati ya karatasi mbili, akagonga barua nzima kwa nguvu. Ya juu ilitoka nyeupe yenye makovu, ya chini ikatoka ya samawati, inasomeka. Ya chini ikaenda Sange. Ya juu akaitia kwenye katoni mpya, akaandika mwaka ubavuni.

Mama Élisabeth alipofika kwenye viatu, alivua miwani akaipangusa, akasema mdomo wa pili usubiri kidogo. Ndoa ilifungwa mwezi wa kumi na mbili, na sasa wanamngoja mtoto.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Toussaint, kwa furaha yake, aliipiga picha barua akaiweka kwenye simu ili marafiki waone. Nilimgombeza, akasema, "Yaya, ni barua tu, kuna ubaya gani?"

Wiki iliyopita mimi na baba mdogo tulialikwa kwenye utambulisho Nyamianda, kwa jirani ya Vanessa. Binti anaitwa Keza. Msemaji akafungua karatasi yenye njiwa wawili, akasoma salamu, akasoma nasaba, akafika katikati. Siku mto ulipokata barabara, binti yenu Keza alitoka kwao kwa miguu, viatu mkononi. Akina mama wakapiga vigelegele. Jina safari hii lilikuwa sahihi, mwanzo mpaka mwisho.

Baba mdogo aliniinamia sikioni.

"Nicole. Kijana anakaa wapi?"

"Hapa hapa, Papa mudogo. Nyumba ya tatu, ile ya mulango ya buluu."

Akatazama ile nyumba. Kutoka tulipoketi ungeweza kurusha embe likafika.

"Sasa huyu binti," akasema, "viatu alivulia nini?"

Watu walikuwa bado wanashangilia.